Unyoya kwenye Mdomo wa Jiko

Uyole, Mbeya
14 Julai 2024

Mdogo wangu Lea,

Kamwene! Barua hii ikukute mzima, na Mama mzima, na mtoto Sayi mzima, na kuku wazima, na hata huyo mumeo Nashoni awe mzima, maana nataka awe na afya kamili siku nitakapomkabili. Mimi huku ni mzima wa chuma. Baridi ya Uyole mwezi huu inang'ata mpaka kucha, lakini mtu aliyewahi kulala chini ya lori kule Kapiri Mposhi hawezi kutishwa na baridi ya Mbeya.

Ulisema nisikupigie tena simu kwa sababu nafoka na Mama anasikia kila kitu. Haya, naandika. Barua nampa Brayson, yule dereva wa fuso la nyanya, na kwenye mfuko kuna blanketi la Mama, zito, siyo yale unaweza kuona jua kwa upande wa pili, na mchele wa Kyela. Mchele mpikie Mama. Mumeo na Wasukuma wenzake waliohamia Usangu mchele wameulima mpaka wameuchoka, asijifanye anauona leo.

Kazi zangu zinakwenda vizuri kupita kiasi. Juzi nimemaliza jiko la kuni la hoteli moja hapa, bomba lake la moshi refu kuliko mnara wa kanisa letu. Nimezidisha kidogo. Mwenye hoteli akaniuliza, "Fundi Marcelino, wewe umesomea wapi?" Nikamwambia darasa la saba nimesoma Ilula, kuanzia la nane nimesoma barabarani, mtihani nimefanyia Lusaka. Akacheka mpaka akaagiza niongezwe sahani.

Sasa tuje kwenye kilichonishikisha kalamu. Brayson ameniambia jiko langu limevunjwa. Jiko nililomjengea Mama kwa mikono yangu, kwa udongo wa kichuguu niliouchagua na kuukanyaga mwenyewe mpaka miguu ikatoa ngozi! Na pale pale limesimama jiko la Nashoni. Tena eti lina saa. Saa kwenye bomba la moshi! Kwani jiko ni basi, lina muda wa kuondoka?

Mimi sikatai maendeleo. Ila jiko napima kwa unyoya wa kuku. Unaushika kwenye mdomo wa jiko moto ukiwa unawaka. Ukivutwa kuelekea ndani, bomba linavuta. Ukisukumwa nje, vunja uanze upya. Nimepima hivyo hotelini, nimepima hivyo kwa masista, na hakuna siku kuku ameishiwa betri.

Nataka majibu mawili tu. La kwanza, nani alitoa amri ya kuvunja? La pili, Brayson anasema amemwona Nashoni na mkokoteni wake wa ng'ombe anasomba mahindi kutoka kile kipande cha nyuma ya nyumba, alichonikatia marehemu Baba. Kipande changu, Lea. Nimehama, sijafa. Mtu amechukua dada, sikusema kitu, ng'ombe tulikula. Amechukua jiko. Sasa amechukua shamba. Akimaliza hapo aje Uyole achukue na suruali.

Msalimie Mama. Mwambie… hapana, usimwambie kitu. Msalimie tu.

Mimi kaka yako,
Fundi Marcelino


Ilula
4 Agosti 2024

Kaka Marcelino,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na barua yako tuliipata, ila sikukaa chini mapema. Nyanya mwaka huu zimezaa mpaka zinamwagwa. Nakaa barabarani kutwa na ndoo zangu, mabasi yanapita kama tumegombana nayo, narudi jioni sina hata nguvu ya kushika kalamu. Sayi jino lake la mbele linalegea na anamwonyesha kila mtu, hata mbuzi.

Blanketi Mama amelipokea kwa vigelegele. Halijafika kitandani bado. Kila wanajumuiya wakija kusali anawatolea walishike. "Mwanangu wa Mbeya," anasema. Kwa hiyo punguza makelele kidogo.

Kuhusu jiko. Kaka, lile jiko lako lilikuwa limepasuka ubavu. Ufa wenyewe Sayi alikuwa anaficha vijiko humo. Nashoni alifundishwa kujenga majiko banifu na watu wa misheni, akajitolea. Na alijenga wakati Mama yuko Kalenga kwa dada yake, maana unajua mwenyewe mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Tangu Mama arudi, Nashoni hajakanyaga mlango ule hata kwa bahati mbaya. Akitaka kujua hali ya kazi yake anasimama nje, chini ya dirisha, anauliza, "Mama Sayi, mshale uko wapi?" Nami namsomea.

Maana ile si saa. Ni kipimajoto, kina sumaku, kinang'ang'ania bomba chenyewe. Mshale ukilala chini, bomba limepoa, moshi haupandi, unagandia ndani unakuwa masizi mazito kama lami, na masizi hayo siku yakishika moto paa linaondoka nayo. Mshale ukisimama katikati, mambo ni mazuri. Ukivukia kwenye wekundu, unachoma kuni za bure na unamkaribisha shetani darini. Hata mimi sasa najua kuzibana kuni na kuziachia. Mama naye anakiita saa. Akiamka tu anauliza, "Saa ya Nashoni inasemaje?"

Umeuliza nani alitoa amri. Mwenye jiko lake.

La pili silijibu. Si dharau, kaka. Nimekatazwa.

Nimempa Brayson vitunguu, Nashoni alivifuata mwenyewe Ruaha Mbuyuni. Kula tu, havina kosa. Jiko linavuta vizuri.

Mdogo wako,
Lea


Uyole, Mbeya
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Lea,

Kamwene tena. Mimi ni mzima, vitunguu vimefika, vingine nimegawa kwa majirani na wote wanamsifu aliyevileta. Nimewaambia vimeota njiani.

Mpe Sayi hizo pipi, ila jino likitoka msinililie.

Lea, barua yako inanuka moshi.

Nimeinusa mimi, nikadhani pua yangu ina wivu. Nikampelekea mama mwenye nyumba wangu, Mnyakyusa asiye na ndugu Ilula wala adui. Akanusa. Akaniuliza, "Huyu aliyeandika anaishi wapi, pangoni?" Sasa nieleze. Jiko linavuta vizuri, mshale umesimama katikati kama askari wa paredi, halafu karatasi iliyokaa nyumba hiyo inanuka kama samaki wa kukausha. Kati yako na karatasi nani mwongo?

Halafu lile neno. "Saa ya Nashoni inasemaje." Nimelisoma, nikafunga barua, nikaifungua nikalisoma tena. Jiko langu lilikaa pale miaka, Mama hajawahi kuamka akauliza jiko la Marcelino linasemaje. Nilikuwa nikija namuuliza, "Mama, jiko vipi?" Ananijibu, "Linapika." Linapika! Hata mafiga matatu yanapika. Mimi niliyetandika matofali hayo huku napigwa mvua nikapewa "linapika," na mtu aliyebandika sumaku anaulizwa habari zake kabla ya Tumsifu Yesu Kristo.

Sikatai, jiko langu nalo lilikuwa na moshi siku nyingine. Lakini lilikuwa na adui anayejulikana: ndege. Kila nikija nilikuwa nafungua kile kidirisha cha kufagilia masizi kwenye bomba, natoa manyuzi ya kiota yaliyoungua nusu. Nikapanda juu nikafunga wavu wa waya. Ndege wa Ilula ni wabishi kama watu wake, nikaja tena nikakuta kiota. Hilo ni kosa la fundi? Hilo ni kosa la aliyewapa mabawa.

Sasa nakupa kazi. Chukua unyoya wa kuku, wa bawa, siyo wa mkia. Ushike kwenye mdomo wa jiko asubuhi ukiwasha, na jioni ukirudi barabarani. Na hiyo saa isome muda huo huo. Niandikie ukweli bila kumpaka mumeo mafuta.

Siku ya Marehemu Wote nakuja kusali kwenye kaburi la Baba. Nakuja na nyundo. Nikimaliza sala ya Baba, naingia jikoni. Mimi si mkwe, mimi nimezaliwa mle, hakuna mila ya kunisimamisha mlangoni.

Na hili nalo. Siku ile kwenye simu nilisikia mtu anakohoa nyuma yako. Ulisema ni Sayi. Alikuwa Sayi?

Kaka yako,
Marcelino


Ilula
22 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Hakuwa Sayi.

Nimeanza na hilo ili nisije nikalizunguka kama barua iliyopita. Mama anakohoa. Si sana asubuhi, ni jioni na usiku. Tumempeleka zahanati, wakamsikiliza kifua, wakamuuliza anapikia nini. Akawajibu, "Jiko la kisasa, lina saa." Mganga akaandika dawa ya kulainisha na akamwambia akae mbali na moshi. Mama akasema amesikia.

Wengine wote wazima. Sayi jino limetoka kwa pipi zako kama ulivyotabiri.

Unyoya nimefanya. Nimeng'oa kwa jogoo wa Nashoni, nikaona utafurahi. Mama aliponiona nimeinama na unyoya mbele ya moto alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo ni Marcelino," akasema. "Hata akienda Ulaya atapima moto kwa kuku wa watu."

Majibu yenyewe ni haya. Asubuhi nikiwasha kwa ajili ya uji, mshale unapanda taratibu mpaka katikati unatulia. Unyoya unavutwa kuingia jikoni kana kwamba kuna mtu anaunyonya. Hakuna moshi kabisa, hata macho hayawashi. Basi naenda barabarani na ndoo zangu. Nikirudi jioni, moto unawaka, Mama amekaa pembeni kwenye kigoda, na mshale umelala chini kabisa. Unyoya unasukumwa kuja kwangu. Moshi umejaa mpaka hayaonekani yale mahindi meusi ya Mama yanayoning'inia kwenye boriti. Kuni ni zile zile. Upepo ni ule ule. Nimepima siku nyingi, ni hivyo hivyo. Siku niliyoshinda nyumbani sababu Sayi ana homa, jioni mshale ulikuwa katikati na unyoya unavutwa.

Nashoni amechanganyikiwa. Anashinda chini ya dirisha. "Mama Sayi, kuni zimekauka?" Zimekauka. "Umebana hewa?" Sijabana. Amepanda juu ya paa kwa nje, amechungulia bomba, amerefusha bati, wapi. Juzi amefagia masizi yaliyodondoka nje akayapima kwa kiganja kama mtu anayepima dhahabu, akasema, "Jiko limenishinda." Halafu akasema nikuandikie. Maneno yake ni haya, sijaongeza: "Muulize shemeji. Yeye aliishi na moshi wa jikoni humo kabla yangu. Kama anataka kuja na nyundo, mimi nitamshikia tochi."

Ah, na bomba la Nashoni nalo lina kidirisha cha kufagilia, nimekifungua. Nimetoa manyuzi yaliyoungua, kama kamba kamba. Ndege wako wamerudi.

Nyundo iache, kaka. Mkianza kugombana, yeye nje ya dirisha na wewe ndani, Mama atakuwa katikati na kifua hicho.

Lea


Uyole, Mbeya
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Lea,

Kamwene. Mimi ni mzima. Dawa ya kifua naiambatanisha, na asali ya Tukuyu, mpe Mama kijiko kila akiamka, na usiache Nashoni akaionja akasema ya Usukumani ni bora.

Nikuambie ukweli wangu wa kwanza. Nilipofika pale "jiko limenishinda" nilitoka nje nikawanunulia mafundi wote chai na chapati. Wakaniuliza kuna nini, nikasema kuna Msukuma mmoja amenyoosha mikono. Tukanywa. Mimi nilikunywa vikombe vyangu na vya jirani.

Kurudi kazini, nikawa natandika matofali, na mkono unatandika lakini kichwa kimekwama. Kimekwama kwa ndege.

Lea, wale ndege wana gunia? Manyuzi yale nayajua. Mimi ndiye niliyekuwa nayatoa kwenye jiko langu. Ni katani, nyuzi za gunia la zamani. Nikawa nasema ndege ameokota. Lakini nilifunga wavu juu ya bomba, panya mwenyewe asingepita, na gunia likaonekana tena ndani. Miaka yote nimempigania ndege, kumbe sijawahi kumwona hata mmoja! Fundi wa kimataifa!

Halafu ile saa ya mumeo. Nimeitukana sana, sasa naiomba radhi nusu. Mshale uko katikati ukiwepo wewe. Mshale unalala ukienda barabarani. Siku Sayi ameumwa ukashinda ndani, haukulala. Jiko haliwezi kujua kwamba Lea ametoka na ndoo. Upepo nao haujui. Ni mkono wa mtu unaziba bomba, kwa gunia, kupitia kile kidirisha. Na jikoni humo mchana yupo mtu mmoja tu.

Nilipofika hapo nilicheka kwa sauti, Lea. Nilifurahi kama mjinga. Nikasema, Mama anamhujumu mkwe! Analiziba jiko la Nashoni kwa sababu analililia langu! Nikaona hata ule wivu wote nilioubeba tangu Julai umepata malipo. Nikataka kumpigia Brayson simu aje anibebe usiku ule ule.

Halafu nikakumbuka kwamba gunia lilikuwa kwenye langu pia.

Tofali likanidondokea mguuni, ukucha ni mweusi mpaka leo.

Kwa hiyo alikuwa analiziba la kwangu, na analiziba la Nashoni. Anajua anakohoa, ameambiwa, na bado anapanda kigoda anaziba. Usimfokee. Usimwambie Nashoni akaruka dirishani. Jifanye unaenda barabarani, rudi, umwone kwa macho, halafu umuulize kwa adabu. Muulize sisi tumemkosea nini.

Na shamba hujanijibu.

Kaka yako,
Marcelino


Ilula
20 Oktoba 2024

Kaka Marcelino,

Shikamoo. Tupo wazima. Mama amemaliza asali, anasema ni dawa nzuri, ameiweka chupa tupu juu ya kabati pamoja na picha ya Baba.

Nakuandikia kila kitu kama kilivyokuwa.

Jumatano nilibeba ndoo, nikafika kwenye miti ya mipera, nikazitua, nikarudi kwa nyuma ya nyumba. Nikamkuta Nashoni yuko chini ya dirisha lake kama kawaida. Nikamfanyia ishara anyamaze. Nikaingia. Mama alikuwa juu ya kigoda, kidirisha cha bomba kiko wazi, anasukumia kipande cha gunia kwa kijiti.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka hata. "Naziba."

"Unaziba nini?"

"Wewe una macho, au una saa tu?"

Akamaliza kusukuma, akashuka, akatupia magunzi mabichi kwenye moto. Moshi ukaanza kuchungulia mdomoni mwa jiko, ukapanda. Akanionyesha juu kwa kijiti. Yale mahindi, kaka. Mashada yale meusi kwenye boriti, yaliyofungwa kwa maganda yake, mawili mawili. Tumeishi chini yake tangu utoto, mimi nilishaacha kuyaona. Nilidhani ni yale yale ya zamani, mapambo tu ya masizi.

"Moshi ukitoka wote nje," akasema, "dumuzi, hawa wadudu wa kutoboa mahindi, wanaingia wote ndani. Jiko la kaka yako lilipoanza kuvuta vizuri, mwaka ule nusu ya mbegu ilikuwa unga kwenye ganda. Nikaona hawa na mabomba yao watanimalizia."

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mtoto ametoka Mbeya na vumbi lake, amejenga mpaka jua limezama, amesimama hapo ananiangalia kama anayesubiri cheti. Nimwambie jiko lako linavuta mno? Nikasema linapika. Nilipasua mwenyewe kidogo pale ubavuni, moshi upate njia."

Ule ufa, kaka. Ni Mama.

"Na la Nashoni?"

"Huyo ni mkwe. Nitaongea naye wapi?"

Hapo Nashoni akashikwa na kikohozi huko nje. Mama akaniambia, bila kugeuka, "Mwambie aliye chini ya dirisha achukue kigoda, chini kuna ubaridi."

Nashoni akajibu kutoka nje, "Mwambie Mama nashukuru, nimesimama."

"Mwambie basi asimame vizuri, anakanyaga maboga yangu."

Nikamuuliza, mbegu ya nini, mbona sisi tunanunua mbegu dukani kila msimu? Akasema, "Nyinyi mnanunua. Hii ni ya mwenye shamba."

"Shamba gani?"

"Baba yenu alimkatia Marcelino kipande pamoja na mbegu. Kipande bila mbegu yake ni uwanja wa mpira. Ni yale mahindi meupe aliyokuwa anayachoma akiwa mdogo, anaungua midomo. Kila msimu nasema mwaka huu atakuja kupanda. Asipokuja, napanda mimi palepale kwake ili mbegu isizeeke, nachagua mazuri, naning'iniza. Mwaka huu mgongo ulikataa kuvuna, nikakutuma umwambie mumeo asombe."

Ndivyo ilivyokuwa, kaka. Nilijua amesomba kwa amri ya Mama, ila nilidhani ni ya kula. Na alinikataza nisikuambie. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Ungemwambia, angekuja mbio kwa hasira ya shamba. Mimi nataka aje kwa ajili ya mbegu."

Nikamwambia, basi nitamwandikia, atajua sasa, ngoja nitoe gunia, kifua chako kipumzike. Akashika kijiti akakiweka magotini.

"Akishazichukua nitazibua," akasema. "Mwaka huu dumuzi ni wengi. Siachi zikaliwa zimebaki wiki chache mvua ianze."

Na ameziba mpaka leo. Nashoni amejaribu kunisihi nimsihi. Mama anakohoa, anatabasamu, anaziba.

Njoo, kaka.

Lea


Uyole, Mbeya
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Lea,

Kamwene. Leo salamu ni fupi, wote muwe wazima.

Barua yako niliisomea kazini, nimekaa juu ya tanki la maji. Mafundi wakaniona wakauliza, "Bosi, vipi macho?" Nikasema moshi. Liberatus, yule kijana mropokaji, akasema, "Moshi gani bosi, jiko lenyewe hatujaliwasha." Nimemkata posho ya chai kwa ukweli wake.

Nimekula mahindi ya Zambia, nimekula ya Kongo, nikawa natangaza kila mahali kwamba hakuna mahindi matamu kama ya nyuma ya nyumba yetu. Sikuwahi kujiuliza kama bado yapo, na nani anayashikilia. Nilikuwa nashughulika kuuliza nani anasomba.

Basi sikiliza. Nakuja kabla ya siku ya Marehemu Wote. Nyundo nimemwachia Liberatus. Mwambie Nashoni asivunje kitu, jiko lake ni zuri. Andika hilo kwa sauti ndogo. Ninachotaka ni ubavu wa nje wa ukuta, pale bomba linapotokea. Tutajenga kabati la udongo lizunguke bomba, na mlango wake, na moshi upite humo ukiwa umeshapoa kabla haujaenda zake juu. Mbegu zitaning'inia humo. Mama atafungua kwa nje, bila kupanda kigoda, na kwa kuwa ni nje ya jikoni, mkwe naye anaweza kusimama hapo akahudumu bila kuvunja mila. Ila joto ndiyo mtihani, maana mbegu iliyoiva haioti, na mimi kwa mkono wangu siwezi kujua mpaka imeshaharibika. Kwa hiyo hapo tunaihitaji ile saa ya shemeji. Aibandike kwenye mlango wa kabati. Mimi nitashughulika na unyoya ndani. Tukibishana, mshale utakuwa shahidi, na kuku atakuwa wakili.

Litaitwa jiko la Nashoni na kabati la Marcelino. Mama akiamka aulize vyote viwili.

Kipande changu naomba Nashoni aje na ng'ombe wake anilimie. Si kwamba siwezi. Ila mgongo wa fundi ni mali ya wateja. Kupanda nitapanda mwenyewe, mstari kwa mstari, na Sayi atanifukuzia kunguru. Nimemwambia mwenye hoteli nyingine anisubiri. Akauliza mpaka lini, nikamwambia mpaka yaote.

Sasa mwambie Mama maneno haya kama yalivyo: "Marcelino amesema anakuja kuchukua mbegu yake." Halafu mwombe azibue. Akikubali, moshi utatoka juu ya bomba, na nitauona nikishuka tu barabarani, nitajua ameniamini. Na kama moshi utakuwa unavuja kwenye mapaa, sitakasirika. Nitajua ameshaahidiwa mara nyingi, na anangoja aone mguu wangu mlangoni. Nitaongeza mwendo.

Kaka yako,
Marcelino

N.B. Hayo mashada yote kwenye boriti ni yangu, au kuna la Nashoni? Niulizie, lakini usiseme ni mimi.